Mwanangu wa miaka mitano anaenda kupigwa MRI ya kichwa Dar, nimwandaeje?

mama_chikongola

Habari za jioni wapendwa, naombeni msaada hasa nyie mliopitia haya. Niko Mtwara mjini, Chikongola, binti yangu ana miaka mitano. Mwaka jana alianza kupata degedege, mwanzo tukajua ni homa tu maana malaria huku kwetu mnaijua wenyewe, akapimwa akatibiwa, ila baadae ikawa inamkamata hata hana homa, tena inaanzia mkono wa kulia, unaanza kuruka wenyewe, mdomo unaenda upande, ndo mwili mzima unafuata. Sasa hivi yuko kwenye dawa ya kifafa asubuhi na jioni na namshukuru Mungu anaendelea vizuri, anacheza na wenzake vizuri tu. Ila kliniki ya mwisho daktari kasema kwa vile inaanzia upande mmoja anataka auone ubongo wenyewe ulivyo, katuandikia rufaa tukapige MRI Dar na tarehe tumeshapewa.

Shida yangu ni huyu mtoto. Anaogopa hospitali mpaka anatetemeka, akiona tu mtu kavaa koti jeupe ananing'ang'ania shingoni, na kuchomwa sindano ni mpaka tumshike watu watatu. Sasa nimesikia hiyo mashine unaingizwa kwenye tundu na inapiga kelele na hutakiwi kujitikisa hata kidogo. Mtoto huyu atawezaje?

Nyumbani hatujakubaliana. Mamkwe anasema nisimwambie chochote, nimwambie tunaenda Mbagala kumsalimia shangazi yake, akifika ndo atajua huko huko. Baba yake anasema tuombe apigwe nusu kaputi alale, yaishe. Mimi nusu kaputi inanitisha, mtoto mwenyewe ana kifafa, je asipoamka? Na nikikaa kimya nikampeleka kwa uongo roho inaniuma. Naombeni mnieleze, nimwambie au nisimwambie, na kama nimwambie nianzie wapi.

binti_masasi

Pole sana dada yangu. Jirani yetu hapa Masasi mtoto wake alipiga hicho kipimo, walichofanya usiku wake walimkesha, hawakumwacha alale kabisa, wakacheza nae mpaka alfajiri, kufika kwenye mashine kalala mwenyewe kama gogo, hakuna sindano hakuna nini. Jaribu na wewe.

bi_mkubwa_mikindani

Mwanangu, mie nimelea watoto na wajukuu, naomba usimdharau mamkwe wako kwenye hili. Mtoto wa miaka mitano ukimwambia jambo la hospitali leo, atalibeba kichwani siku zote hizo, hatakula, hatalala, na mwenye maradhi yake hayo hofu haimfai. Wewe mpeleke tu kwa upole, umpakate, ukifika mlangoni mwambie mama yuko hapa. Watoto hawahitaji maelezo mengi, wanahitaji mama asiyetetemeka. Maana hilo nalo nakwambia, ukiwa unalia wewe atalia na yeye.

baba_wa_mtanda

Bi mkubwa shikamoo. Hapo kwenye mama asitetemeke nakubaliana na wewe kabisa, ila kwenye kutomwambia naomba niseme tofauti kwa heshima.

Mie niko Lindi, Mtanda, kijana wangu alipigwa MRI akiwa na miaka sita na alipiga macho makavu, hakulazwa usingizi. Na huyu alikuwa mwoga wa kawaida kama watoto wote. Tatizo la kumpeleka mtoto kwa uongo ni kwamba hiyo MRI siyo ya kuvizia. Sindano unaweza kumvizia ukamshika, dakika moja imeisha. Hii anatakiwa alale chali mwenyewe, atulie kwa hiari yake, tena kwa muda mrefu, hakuna mtu wa kumshika kichwa. Sasa mtoto aliyeambiwa anaenda kwa shangazi halafu anajikuta kwenye chumba cha baridi kina dude kubwa jeupe, huyo kutulia atatulia vipi? Hapo ndo mnaishia kurudishwa au kupangiwa tarehe nyingine ya usingizi na safari ya Dar mnaijua, kutoka huku kusini ni kutwa nzima kwenye basi. Na kingine, huyu mtoto wa dada ana kifafa, hospitali ataenda sana huko mbele, akishajua kwamba mama akisema tunaenda kwa shangazi maana yake ni sindano, basi hata kwa shangazi kwenyewe hataenda.

Sisi tulifanya hivi. Kwanza tulimwambia kwa maneno machache, kuna mashine kubwa inapiga picha ya ndani ya kichwa, haigusi mwili, haiumi, ila inapiga kelele, kazi yako ni kulala bila kutikisika mpaka picha iishe. Basi. Halafu tukaanza mazoezi nyumbani. Nilitandika mkeka chini ya meza ya kulia chakula, nikafunika kanga pande mbili kichwani na miguuni pakabaki wazi, analala chali humo. Usoni kwenye MRI ya kichwa wanaweka kitu cha plastiki chenye matundu, kinapita juu ya pua kabisa, na hicho ndo kinachowashtua wengi kuliko hata lile tundu, kwa hiyo mama yake akachukua lile chujio la plastiki tunaloshia mchicha akawa anamwekea usoni taratibu, kwanza anashika mwenyewe, anamwekea mdoli, anamwekea na mdogo wake, ndo baadae yeye. Mtandaoni zipo sauti za MRI, nikapakua kwenye simu, nikawa naziweka pembeni ya meza, mwanzo kwa sauti ndogo halafu naongeza. Zile sauti ni ngo ngo ngo, mara zinageuka zzzzz, mara kama fundi anagonga bati juu ya paa, ghafla kimya, halafu zinaanza nyingine. Mtoto asipozijua anashtuka pale inapobadilika, na akishtuka tu kichwa kimeenda.

Mchezo ulikuwa ni kutulia wakati kelele ipo. Kelele ikikata unaruhusiwa kumeza mate, kukohoa, kupumua kwa nguvu, ila kichwa kinabaki pale pale. Kila jioni kabla ya kuoga tulikuwa tunacheza, tunaongeza muda kidogo kidogo, hatukumlazimisha, akikataa tunaacha. Mpaka watoto wa jirani wakawa wanakuja kushindana nae nani atatulia zaidi. Siku yenyewe aliingia akamwambia yule mtaalamu "mimi najua kutulia".

Usimdharau binti yako dada. Miaka mitano wengine wanaweza, wengine hawawezi, utajua kwenye mazoezi.

mama_chikongola

Kaka umenipa nguvu, asante sana. Na shikamoo bi mkubwa nashukuru kwa maneno yako, nitajikaza. Sasa hiyo ya kumkesha vipi, ndo nzuri kuliko nusu kaputi? Maana yule ni mtoto wa kulala mapema sana, nikimkesha naona nitaweza.

eksirei_kusini

Habari zenu. Mimi ni mtaalamu wa mionzi, nafanya kazi kwenye chumba cha picha kila siku, naomba niingilie haraka hapo kwenye kukesha. Dada, USIMKESHE kabla hujaongea na daktari wake. Mtoto mwenye kifafa kukosa usingizi ni moja ya vitu vinavyoweza kuamsha degedege. Kwa mtoto mwingine asiye na tatizo hilo kumpunguzia usingizi wakati mwingine tunawaambia wazazi wafanye, na kwa EEG, kile kipimo cha kuvaa kofia ya nyaya, daktari mwenyewe anaweza kuagiza mtoto asilale sana, lakini hapo ameagiza yeye na anajua anachofanya. Wewe usijiamulie nyumbani, tena ukiwa safarini na mtoto kachoka na basi.

La pili ambalo naliona ni kubwa kuliko yote na hakuna aliyeligusa, DAWA YA ASUBUHI. Wazazi wengi wakiambiwa mtoto asile chochote wanaacha na dawa ya kifafa, wanafikiri nayo ni chakula. Kawaida dawa za kifafa haziachwi, anapewa kwa muda wake na maji kidogo ya kumezea hata kama amefunga kula, ila muulize daktari aliyekuandikia na umuulize mtu wa usingizi kama mtafika huko, wakuambie wenyewe kwa dawa hiyo ya mtoto wako. Beba dawa za kutosha safari nzima na siku za ziada, uweke kwenye mkoba wa mkononi, usiweke kwenye begi linaloingia kwenye buti ya basi.

Sasa nusu kaputi. Neno lenyewe linatisha watu lakini kinachofanyika kwenye MRI mara nyingi ni dawa ya usingizi tu, ya mshipa au ya kunusa, hakuna anayemkata mtoto. Kuna wakati anasinziishwa kidogo, kuna wakati analazwa kabisa, inategemea na mtoto. Anakuwepo mtaalamu wa usingizi muda wote, anamwangalia pumzi, mapigo ya moyo na kile kifaa cha kubana kidole kinachopima oksijeni. Hatari ipo, sitakudanganya, ndiyo maana wanamuuliza mzazi maswali mengi, na jibu lako la ukweli ndo kinga ya mtoto. Mwambie kama anakoroma sana usiku, kama ana pumu, kama ana sikoseli, kama kuna dawa ilishamdhuru, kama kwenye ukoo kuna mtu alipata shida akiwa kwenye nusu kaputi. Kifafa chenyewe hakizuii kupewa dawa ya usingizi, wanatakiwa tu wajue na wajue anatumia dawa gani. Na akiamka siku hiyo ana homa, kikohozi au mafua mazito, sema hata kama umetoka Mtwara kwa mateso. Kuna wazazi wanaficha kwa sababu nauli imeshaliwa na naelewa kabisa maumivu yao, lakini kifua cha mtoto mwenye mafua na dawa ya usingizi havipatani.

Kula. Ukiambiwa atalazwa usingizi, watakupa masaa wenyewe na ufuate ya kwao. Utaratibu unaotumika sehemu nyingi ni masaa sita bila chakula, na kwenye chakula nahesabu uji, maziwa ya ng'ombe, maziwa ya kopo, chai ya maziwa. Maziwa ya mama masaa manne. Maji matupu mpaka masaa mawili kabla. Kwa mfano mmepangiwa saa mbili asubuhi, chakula mwisho ni saa nane usiku, kwa hiyo kiukweli ni kile cha usiku alichokula kabla ya kulala, na maji mwisho saa kumi na mbili asubuhi. Siyo adhabu, ni kwamba mtu akilala kwa dawa kile kikinga cha koo nacho kinalala, chakula kikipanda kinaweza kuingia mapafuni. Sasa mkiwa kwa shangazi Mbagala kuna watu wengi ndani, mjomba, binamu, bibi, wote wanamwonea huruma mtoto analia njaa, mmoja atampa korosho tu kidogo, mwingine kipande cha andazi. Waambie WOTE usiku ule ule. Na omba mpangwe asubuhi ya kwanza kabisa, mwambie anayepanga kwamba ni mtoto na anafunga.

Kama hatalazwa usingizi basi anakula kawaida, tena ashibe, aende na chooni kabla ya kuingia.

Vyuma. Ile mashine ni sumaku, nguvu yake ni kubwa mno na haizimwi, hata kama hamna picha inapigwa sumaku ipo. Ndiyo maana mlangoni wanakagua. Hereni toa, bangili toa, cheni toa, nguo yenye zipu au vifungo vya chuma usimvalishe, mvalishe gauni la pamba la kulalia tu. Nywele kama umemsuka angalia ile mipira yenye kibati kidogo pale inapoungana, mama wengi hawakioni, kipo. Wanja usimpake siku hiyo, kuna wanja zina chembe za madini na zinaharibu picha ya maeneo ya macho, na kwenye MRI ya kichwa ndo hapo hapo tunapotaka kuona. Kama ana hirizi au shanga kiunoni naomba mzungumze nyumbani mapema zivuliwe, sisemi kwa kumdharau mtu, zingine ndani zimewekwa sindano au kipande cha bati na sisi kwa nje hatuwezi kujua. Anayevua awe bibi yake mwenyewe, azishike yeye, watoke chumbani atamvisha tena. Hii nimeona inaondoa ugomvi mlangoni.

Na wewe mzazi, kwa kawaida unaruhusiwa kukaa ndani na mtoto ila na wewe unakaguliwa. Simu, funguo, sarafu, kadi ya benki acha nje, kadi inafutika. Ukiwa na chuma mwilini, umewahi kuwekewa nati mfupani, kifaa cha moyo, kitanzi cha uzazi wa mpango, au ni mjamzito, sema. Kitanzi mara nyingi hakina shida lakini sema. Utakaa karibu na miguu yake, umshike mguu, ajue upo. Masikioni anawekewa vizibo au hedfoni, na mkononi anapewa mpira wa kubonyeza akihitaji msaada. Kwenye kile kifaa cha usoni sehemu nyingi kuna kioo kidogo, akiangalia juu anakuona wewe ulipokaa. Mwambie hilo kabla, linasaidia sana.

Muda wa MRI ya kichwa ni kama nusu saa mpaka dakika arobaini na tano hivi, ila siyo kelele moja mfululizo, ni vipande vya dakika chache chache kama alivyosema baba wa Mtanda. Na hakuna mionzi, wengi wanachanganya, MRI ni sumaku na mawimbi ya redio, CT scan ndo inayotumia eksirei.

Kuhusu kumwambia au kutomwambia, mie nasimama na baba wa Mtanda. Bi mkubwa ana pointi ya kutompa mtoto mzigo wa siku nyingi, kwa hiyo umri wake siku chache kabla zinatosha, huyu wa miaka miwili mitatu unamwambia jioni yake au asubuhi yake, na mkubwa wa miaka kumi unamwambia mapema zaidi maana anataka kuuliza maswali. Ila aambiwe. Na maneno yawe ya kweli. Usimwambie "hutachomwa sindano" kama hujui, maana kuna wakati tunaweka kanula, kile kimrija cha kwenye mshipa wa mkono, ili apewe dawa ya kuonyesha vizuri ubongo au ya usingizi. Mwambie "picha haiumi, ila kama watakuwekea sindano ya mkononi utasikia mchomo kidogo halafu unaisha, na mimi nitakushika". Na kuna hii tabia ya nyumbani ambayo naomba watu waache kabisa, "ukisumbua namwita daktari akuchome sindano". Miaka mitano unamtishia mtoto na mimi, siku unamleta kwangu nimsaidie ananiona adui.

bi_mkubwa_mikindani

Marahaba wanangu. Mwanangu wa eksirei umeeleza nimeelewa. Hiyo ya jioni yake au siku mbili tatu kabla naikubali, mie nilichokuwa naogopa ni kumsumbua mwezi mzima. Na hirizi avue bibi yake, hilo jambo la heshima.

mwera_nachi

Wakuu naomba kudandia hapa hapa. Mie niko Nachingwea, kijana wangu wa miaka minane wiki hii alianguka kutoka kwenye mwembe, alizimia kidogo, akatapika mara kadhaa, tukakimbizwa hospitali, wakamuangalia masaa kadhaa wakasema apigwe CT scan, na ikapigwa, majibu mazuri alhamdulillah. Ila ilikuwa haraka hakuna maandalizi yoyote, sasa nasikia watu mtaani wanasema ile mionzi inaharibu ubongo wa mtoto. Nimekosa amani.

eksirei_kusini

Pole sana kaka na hongera kwa majibu. Mtoto kaanguka, kazimia, anatapika, hapo kilichokuwa kinatafutwa ni damu ndani ya fuvu au mfupa uliovunjika, na CT ndo inaonyesha hayo haraka, picha yenyewe ni sekunde kadhaa, ukihesabu na kulala na kupangwa ni dakika chache. Ni kweli dozi yake ya mionzi ni kubwa kuliko eksirei ya kawaida ya kifua, na ni kweli watoto wanahitaji uangalifu zaidi kuliko sisi, ndo maana dozi inapunguzwa kulingana na ukubwa wa mtoto na ndo maana walimwangalia kwanza masaa kadhaa kabla ya kuamua. Kipimo kimoja chenye sababu kama hiyo hakiharibu ubongo. Hatari ya baadae ipo lakini ni ndogo sana ukilinganisha na kuacha damu inavuja kichwani hamjui. Kitu cha kufanya ni kutunza ile CD na ripoti, mkienda hospitali nyingine muonyeshe, ili asirudiwe bila sababu.

Kwa wengine, siku ya CT kama mama ni mjamzito asiingie kumshika mtoto, aingie baba au shangazi avae lile koti zito la madini ya risasi la kuzuia mionzi. Na mtoto akitulia mara moja picha inatoka mara moja, akijitikisa tunarudia na mionzi inaongezeka, kwa hiyo hata dakika tano za kumwelezea pale mlangoni zina faida.

mama_chikongola

Nimerudi wapendwa. Jana jioni nilimwambia. Nilikuwa namchambulia ming'oko anakula, nikamwambia daktari anataka picha ya ndani ya kichwa ili ajue kwa nini mkono unaruka wenyewe. Akaniuliza kitu kimoja tu, "wewe utakuwepo?" Nikamwambia nitakushika mguu. Akaendelea kula. Kwa kweli nilishajiandaa kwa kilio na hakulia. Leo tumeanza chini ya meza, chujio kalikataa leo, kasema linanuka mchicha, nitaliosha kwa sabuni tujaribu tena kesho.

Mamkwe nilimsomea majibu yenu, kanyamaza kwanza halafu kasema hirizi atavua yeye mwenyewe lakini lazima aende nae Dar, kwa hiyo nae anasafiri.

Nina maswali ya mwisho kaka wa eksirei. Kama atalazwa usingizi, tunaweza kurudi Mtwara jioni ile ile na basi la usiku? Na akiwa bado analegea nimbebe mgongoni? Na majibu je?

eksirei_kusini

Hongera dada, swali lake la "utakuwepo" ndo lilikuwa swali lenyewe.

Msirudi siku hiyo hiyo. Akiamka wanamwangalia hapo mpaka awe macho vizuri, anywe maji kidogo kidogo kwanza, akikaa nayo ndo uji mwepesi, kuna watoto wanatapika mara moja mbili. Anaweza kulia bila sababu, kuyumba akitembea, macho kumzunguka, ni dawa inaisha. Siku hiyo asiachwe kupanda ngazi wala kucheza na wenzake mbio mbio, alale kwa shangazi, asubuhi mkiona yuko sawa msafiri siku inayofuata. Ila mkishatoka hospitali ukaona hamwamshiki, anapumua kwa shida, midomo imebadilika rangi, anatapika hakomi au degedege limerudi, mrudishe hapo hapo msisubiri kukuche.

Mgongoni USIMFUNGE. Najua ndo tulivyozoea, lakini mtoto anayesinzia kwa dawa kichwa kinaanguka mbele, koo linajikunja na wewe humwoni uso. Mpakate mbele, kidevu kiwe juu, umwone anavyopumua. Kwenye bajaji au daladala mtu mmoja ampakate tu, asishike na mizigo, mamkwe abebe begi.

Majibu anayasoma daktari wa radiolojia, uliza hapo hapo yanatoka lini na kama kuna ndugu wa Dar anaweza kufuata andikeni jina lake mapema. Ukiondoka uwe na vitu viwili, ripoti ya karatasi na CD ya picha, maana daktari wako wa Mtwara atataka kuona picha zenyewe siyo maandishi tu. Kabla hamjatoka huku hakikisha barua ya rufaa ipo, na kama ni bima uliza kibali cha kipimo kimeshapita, kama ni fedha taslimu uliza bei ikiwa na usingizi na dawa ya kuonyesha, maana vinaweza kuhesabiwa kando, usije ukapewa kontroo namba ukashtuka. Na beba daftari la kliniki lenye tarehe za degedege zote. Kama una video ya simu inayoonyesha mkono unavyoanza kuruka, usiifute, ina thamani kwa daktari kuliko maelezo ya mdomo.

mama_chikongola

Video ninayo, alirekodi baba yake. Kesho asubuhi naenda kliniki kuuliza ile dawa ya asubuhi na kama wanaona ajaribiwe bila usingizi kwanza. Asanteni sana.

baba_wa_mtanda

Waombe hivyo hivyo, ajaribiwe macho kwanza. Na kwenye basi mkae upande usiopigwa na jua, mpe maji ya kutosha, asubuhi ukipita Lindi hapa saa ya mapema kuna wauza samaki na mihogo stendi, mnunulie ashibe maana huko mbele ni mbali mpaka Nangurukuru.